Kumtafuta bibi wa karne ya 19: nianzie wapi?

Wakuu, nipo Dar. Namtafuta mama mzaa babu, Mkwere wa vijijini Bagamoyo. Inasemekana alizaliwa kabla ya Wajerumani. Cheti hakuna.

Jibu: Mkuu, wazee kwanza, makaratasi baadaye. Usiulize mwaka, uliza "wakati wa Maji Maji alishazaa?" Hiyo ni 1905 hadi 1907. Kama mwanawe wa kwanza alikuwa anachunga mbuzi, mama huyo ni wa miaka ya 1870 au 1880 hivi. Andika majina yote: la utotoni, la unyagoni, la ubatizo, na "Mama Fulani". Na kwa Wakwere ukoo hufuata mama, kwa hiyo wahoji upande wa wajomba wa babu yako. Wengi wanang'ang'ania upande wa baba, wanakwama.

Jibu: Naongezea. Kama alibatizwa, misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Omba daftari la ubatizo. Kina Maria watakuwa wengi, basi linganisha baba, kijiji na msimamizi. Tahajia nayo ni ya mzungu: "Mwanaidi" utaikuta "Muanaidi". Kwenye hifadhi ya Nyaraka za Taifa usitegemee jina lake, mtafute mumewe au jumbe (mkuu wa kijiji) wao. Mwandiko wa Kijerumani cha kale haufanani na wa leo, jifunze herufi zake kwanza.

Muulizaji: Shukrani wakuu. Jumamosi kwa wajomba.