Kompyuta ya nyumbani imekata intaneti ghafla: ninunue adapta ya USB, ruta mpya, au nivute waya?

Kengele77
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, jana saa mbili usiku intaneti ikakata na haijarudi mpaka sasa. Pale chini inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Nimezima na kuwasha mara tatu. Kesho natoka kununua, nichague kimoja: adapta ya Wi-Fi ya USB, ruta mpya, au waya wa mita 15 niuvute toka sebuleni hadi chumbani. Kipi bora? Nina kazi ya kuwasilisha Ijumaa.

FundiWaya
Ndugu, unauliza dawa kabla ya kusema kinachouma. Simu inapata intaneti kwenye Wi-Fi hiyo hiyo? Kompyuta inatumia Wi-Fi au waya? Windows ipi? Ulichozima mara tatu ni kompyuta au ruta?
Ila kama ni kununua tu, mimi ni waya, leo na kesho. Cat5e, aina ya waya wa mtandao, inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na ruta za majirani haziigusi.

BahariShwari
Mkuu, mita 15 za waya kukatiza mlangoni, watoto wanajikwaa kila siku! Adapta ya USB unachomeka, dakika mbili umemaliza. Chukua inayoshika 5 GHz, maana 2.4 GHz imejaa: ruta za jirani, Bluetooth, hata maikrowevu iko humo humo.

FundiWaya
5 GHz ina kasi, lakini kuta zinaichosha mapema kuliko 2.4. Yeye yuko chumbani na ruta iko sebuleni. Na hizo adapta ndogo zina mambo yake. Yangu ilikuwa nyuma ya CPU, kando ya diski ya nje. Kila nikinakili faili, intaneti inakufa. Wiki nzima nalaumu ruta. Kumbe vifaa vya USB 3.0 vikiwa kazini hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Niliisogeza mbele kwa kipande cha waya wa USB, ikatulia siku hiyo hiyo.

Kengele77
Samahani, niliandika kwa haraka. Simu zote mbili zinapata. Kompyuta inatumia Wi-Fi, kadi iko ndani. Windows 10. Nilizima kompyuta, ruta sijaigusa.

NyotaNjema
Kama simu zinapata, ruta mpya iweke kando kwanza. Fungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri (Command Prompt), andika ipconfig, tazama mstari wa IPv4 chini ya Wi-Fi. Ikianza na 192.168 au 10, ruta imekupa anwani na tatizo liko mbele zaidi. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe. Hapo hata ununue nini, kwanza tujue kwa nini haikujibiwa.

KipanyaCheusi
Mnamzungusha. Abadilishe DNS aweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1, mimi matatizo yangu yote yaliishia hapo. Ikigoma apige Windows upya. Isitoshe msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, aende 11 moja kwa moja.

NyotaNjema
DNS ni kitabu cha majina tu, inageuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye ile skrini nyeusi aandike kwanza ping 8.8.8.8, yaani kuuliza kama namba hiyo inafikika. Ikijibu na tovuti hazifunguki, hapo nitakuunga mkono. Isipojibu, kubadilisha kitabu hakusaidii kitu.

MamaTatu
Naomba niingie hapo kwenye kupiga Windows, maana bado naumia. Intaneti ilikata hivi hivi, kompyuta ilikuwa kwenye waya. Nikamwita fundi. Hakuuliza chochote, hakugusa waya, alikaa akasema Windows imechoka. Akapiga upya, akafuta diski yote. Nilimuuliza kuhusu picha, akaniambia zipo. Hazikuwepo. Zilikuwa picha za miaka sita, pamoja na za baba yangu mwaka wake wa mwisho, na sikuwa na nakala popote. Baada ya kazi yote hiyo intaneti ikawa bado haipo! Akaniambia nikanunue kadi ya mtandao.
Jioni nikainama mwenyewe nyuma ya CPU. Kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika. Nikisukuma kichwa ndani kwa kidole gumba, taa ya kijani inawaka. Nikiachia, kinarudi nyuma kidogo, karibu unene wa kucha, taa inazima. Kichwa kipya kilibanwa kwa dakika chache.
Kaka Kengele, usimruhusu mtu apige Windows kabla hujanakili kazi yako ya Ijumaa kwenye flashi. Fanya sasa hivi, kisha uendelee kusoma.

KipanyaCheusi
Pole sana dada. Kosa ni la fundi kutonakili, ila kupiga Windows kwenyewe si kosa.

MamaTatu
Kupiga Windows kwa tatizo la waya ni kosa, nakili usinakili.

Kengele77
Nimenakili, asante dada. IPv4 inaandika 169.254.37.112. Nimefanya ipconfig /release na /renew, yaani kuachia anwani na kuomba upya, imerudi ile ile.

NyotaNjema
Sawa. Sasa unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, simu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kisha kwenye simu washa kushiriki intaneti kwa USB.

Kengele77
Imekubali! Tovuti zinafunguka zote.

BahariShwari
Basi Windows ni nzima, kadi ya ndani imekufa. Adapta ya USB, nilisema mapema.

NyotaNjema
Kadi iliyokufa ingeuonaje mtandao na kuunganishwa? Inaweza kuwa draiva, ile programu inayoendesha kadi, au ruta imeishiwa anwani za kugawa. Kuna kifaa kipya kimeongezwa nyumbani karibuni?

Kengele77
Shemeji alifunga kamera nne jana jioni.

FundiWaya
Jana jioni! Na hukusema! Ingia kwenye ruta utazame anwani zinaanzia ngapi na kuishia ngapi. Kuna ruta zimewekewa nafasi kumi tu. Ongeza hadi mia.

Kengele77
Nywila ya ruta aliibadilisha yeye, na simu yake haipatikani tangu asubuhi.

KipanyaCheusi
Bonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini sekunde kumi.

NyotaNjema
Usibonyeze! Utafuta na jina la akaunti ya mtoa huduma, nyumba nzima ikose intaneti. Zima kamera mbili, fanya /renew tena. Wakati unamsubiri, intaneti ya simu inatosha kutuma kazi.

FundiWaya
Nywila ya ruta iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe chini yake. Kila nyumba.

BahariShwari
Kila mgeni aisome? Hapana kabisa.

Tumaini_K
Nadandia hapa hapa wakuu. Mimi niko kwenye waya, anwani ni 192.168, ila inakata kila nikisogeza meza.

MamaTatu
Shika kichwa cha waya ukivute taratibu bila kubonyeza kiulimi. Kikitoka, tatizo umelishika mkononi.