Mjadala: Medicaid ya dharura ilipie leba peke yake, au ianzie kliniki ya kwanza?

SheriaKwanza (mleta mada)

Kabla hatujaanza kuvutana, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Marekani ina sheria ya 1986 iitwayo EMTALA. Hospitali yenye idara ya dharura na inayopokea fedha za Medicare (bima ya serikali ya wazee) lazima impime na kumtuliza anayefika hali yake ikiwa mbaya, na mama mwenye uchungu wa kuzaa ametajwa humo waziwazi. Haulizwi kwanza pesa wala makaratasi. Lakini sheria hiyo inampa haki ya kuhudumiwa tu. Nani atalipa, haisemi, na bili itakuja.

Malipo ni kazi ya Medicaid ya dharura, tawi la Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu ambaye kwa kipato na kwa kuishi kwake jimboni angestahili Medicaid, ila hadhi yake ya uhamiaji inamzuia, analipiwa dharura peke yake, na sheria inahesabu leba na kujifungua kuwa dharura.

Wanaoangukia humo si wasio na makaratasi tu. Tangu sheria ya 1996, mwenye grinkadi (kibali cha ukazi wa kudumu) kwa kawaida anangoja miaka 5 ndipo apate Medicaid kamili. Mkenya aliyeshinda bahati nasibu ya viza, anayekatwa kodi tangu mshahara wa kwanza, anaweza kujikuta foleni moja na asiye na hati yoyote. Tangu 2009 majimbo yanaruhusiwa kuwaondolea wajawazito na watoto kungoja huko. Mengi yamefanya hivyo, si yote. Halafu kuna sheria iliyosainiwa Julai 2025: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 inawatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye Medicaid ya kawaida hadi wapate grinkadi. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja nchini, na majibu nayo yana muda wake. Familia za Kikongo zilizotoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi zimo katikati kabisa ya jambo hili.

Swali basi: fedha za umma zilipie siku ya kujifungua tu, au na kliniki za kabla na wiki za baada? Mimi nasema zilipie zote. Anayepinga aeleze.

Mzalendo_Ohio

Napinga, na sipingi kwa chuki. Mama yuko leba, ahudumiwe, hospitali ilipwe, hapo hatuna ugomvi. Ila kliniki ya miezi tisa ni bima. Ukiipachika jina la dharura umepanua sheria bila kuipigia kura.

Pili, fikirieni raia ambaye kipato chake kimezidi kiwango kwa dola chache. Hana Medicaid. Ana bima ya kazini inayomtaka alipe maelfu ya dola mfukoni kabla haijaanza kulipa chochote. Mnamwambia nini huyo?

Tatu, wapo wanaokuja kwa viza ya matembezi mimba ikiwa kubwa. Serikali yenyewe iliona tatizo, ndiyo maana tangu Januari 2020 maofisa wa viza wanaelekezwa kumkatalia ambaye lengo lake kuu ni kuja kuzaa ili mtoto apate uraia.

KaraniWaBili

Ndugu Mzalendo, la tatu niachieni nilijibu mimi kwa sababu ndilo linalofika kwenye dawati la bili. Medicaid ya dharura inadai mwombaji awe mkazi wa jimbo. Mwenye viza ya matembezi na tiketi ya kurudi hana ukazi. Huyo anapewa bei ya mlipaji binafsi na kutakiwa amana. Kumtumia yeye kama sababu ya kumnyima mama anayefanya kazi kiwanda cha nyama ni kuchanganya mafaili.

Kuhusu gharama, utafiti wa North Carolina uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba mwaka 2004 asilimia 82 ya matumizi ya Medicaid ya dharura jimboni humo ilikwenda kwenye uzazi na matatizo ya mimba. Kitaifa, Medicaid ya dharura yote haifiki asilimia 1 ya matumizi ya Medicaid. Fedha hizo pia zinaingia hospitalini, haziingii mfukoni mwa mama. Zikikosekana, mama amekwisha kuzaa na gharama imebaki pale pale, na hospitali ndogo ya vijijini ndiyo inayoibeba. Wodi ya uzazi ni ghali kuiweka wazi usiku na mchana, na ikikosa malipo ni ya mwanzo kufungwa. Ikifungwa, raia naye anaendesha gari saa nzima akiwa na uchungu.

Hoja yako ya pili ni ya kweli. Huyo raia anaumizwa. Ila kumwongezea jirani yake maumivu hakumpunguzii yeye hata senti.

MkungaWaDFW

Ngoja niseme yanayotokea chumba cha leba mama akifika bila kliniki hata moja, kwa sababu naona mnazungumzia kliniki kana kwamba ni kupimwa uzito na kusalimiana.

Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji kambini. Kovu la nje ni la mlalo, safi. Lakini kovu la ngozi halisemi kisu kilipitaje kwenye kizazi. Kama ndani kilipita wima, leba haitakiwi kabisa, kwa sababu kizazi kinaweza kupasuka. Anapaswa kupangiwa upasuaji wiki ya 36 au 37, kabla uchungu haujaanza. Na kama kondo la nyuma limejishika juu ya kovu lile, linaweza kuzama ndani ya ukuta wa kizazi lisibanduke. Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 inatoa dalili mapema, damu inaandaliwa, hospitali inachaguliwa. Bila kipimo hicho timu inagundua tumbo likiwa limeshafunguliwa.

Mengine kwa haraka. Mwenye damu ya Rh hasi anahitaji sindano ya anti-D wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kuzaa kama mtoto ni chanya. Sukari inapimwa kati ya wiki ya 24 na 28. Mama mwenye hepatitisi B, mtoto wake apewe chanjo na kingamwili ndani ya saa 12 tangu kuzaliwa. Hali ya mama isipojulikana, saa hizo zinaliwa na kusubiri maabara. Aliye kwenye hatari kubwa ya kifafa cha mimba anaanzishiwa aspirini ya miligramu 81 kila siku, vizuri kabla ya wiki ya 16. Kidonge hicho ni cha senti. Kukikosa ndiko kunakoweza kuleta dripu ya magnesiamu, upasuaji wa wiki ya 30, na mtoto njiti anayelala wiki nane kwenye mashine. Wiki zote hizo nane zinalipwa na Medicaid ya mtoto, kwa kuwa mtoto ni raia.

Huku Texas, kaka Mzalendo, jimbo ambalo hakuna atakayelishuku kwa kupenda wahamiaji, kuna CHIP Perinatal, tawi la CHIP, bima ya serikali ya watoto. Inahesabiwa kuwa bima ya mtoto aliye tumboni, si ya mama. Inalipa hadi kliniki 20: moja kila wiki 4 hadi wiki ya 28, kisha kila wiki 2 au 3 hadi ya 36, halafu kila wiki mpaka kuzaa. Inaongeza mbili za mama baada ya kujifungua. Zaidi ya majimbo 20 yanatumia njia hii, iliyofunguliwa na kanuni ya 2002.

Mzalendo_Ohio

Mama Mkunga, nimesoma yote. La mtoto nakubali. Aliye tumboni atakuwa raia, na kama ninamtetea kabla hajazaliwa siwezi kumnyima kipimo. Lakini hiyo ni hoja ya mtoto. Bado hujanionyesha kwamba sheria ya dharura yenyewe ndiyo inyooshwe.

SheriaKwanza

Na mimi nimekuja hapo hapo. Nebraska mwaka 2010 ilipoteza njia iliyokuwa ikiitumia kulipia kliniki za mama hawa, baada ya serikali kuu kusema Medicaid haiwezi kulipia mtoto aliye tumboni. Mwaka 2012 bunge la jimbo likapitisha njia ya CHIP. Gavana Dave Heineman akaitilia kura ya turufu, bunge likaivunja. Waliosukuma walikuwa watetezi wa wahamiaji pamoja na wapinga utoaji mimba, kundi ambalo kwa kawaida halikai meza moja na hao wa kwanza. Oregon nayo ilipoongeza kliniki juu ya Medicaid yake ya dharura, wilaya kwa wilaya kati ya 2008 na 2013, watafiti walipata nafasi ya kulinganisha: ziara za kliniki ziliongezeka kwa takriban 7 kwa kila mama, na vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Kwa hiyo sing'ang'anii neno dharura. Njia ipo nje yake. Ninachopinga ni jimbo kuona njia ipo na kuiacha.

MkungaWaDFW

Tatizo la kumwita mama chombo cha mtoto linaonekana siku ya kuruhusiwa. Mtoto ametoka, kwa hiyo bima yake imehama naye. Kwa mama aliyelipiwa dharura peke yake, malipo yanaishia kwenye kitanda cha hospitali.

Na kifafa cha mimba hakisomi tarehe ya kuruhusiwa. Kinaweza kuja hadi wiki 6 baada ya kuzaa. Aliyekuwa na presha kali inabidi apimwe ndani ya saa 72, halafu tena kati ya siku ya 7 na ya 10. Kichwa kisichoacha kuuma, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, kukosa pumzi, au kipimo cha 160 kwa 110: arudi hospitali saa hiyo hiyo na aseme mlangoni kwamba amejifungua karibuni, maana triaji (wanaopanga nani ahudumiwe kwanza) wakimwona bila tumbo wanamweka foleni ya kawaida. Medicaid ya kawaida sasa inaruhusu majimbo kumfuata mama miezi 12 baada ya kuzaa. Mama wa dharura hayumo. Kufunga kizazi pia kwa kawaida hakumo, hata akiwa tayari yuko mezani kwa upasuaji.

Hospitali inayojali itamtoa na mashine ya presha na namba ya kupiga. Hiyo haihitaji bunge.

Mkalimani_Louisville

Mnajadili kana kwamba mama akifunguliwa mlango ataingia. Wengi hawaingii. Juni 2025 taarifa za wanachama wa Medicaid kutoka majimbo kadhaa zilipelekwa Wizara ya Usalama wa Ndani, Julai majimbo 20 yakaenda mahakamani, na mvutano umeendelea. Mama akisikia hayo kwa jirani, anakaa nyumbani mpaka chupa ipasuke. Siwezi kumwambia asiogope.

Na lugha. Mkalimani wa bure ni haki yake, na mtoto wa miaka 12 hatakiwi kumtafsiria mama yake leba. Lakini hospitali ikiandika "Kiswahili" inapiga simu na kumpata Mkenya au Mtanzania, wakati mama wa Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, anasema Kiswahili cha huko, au lugha yake ni Kibembe au Kinyamulenge. Anaitika "ndiyo" kwa heshima, na ridhaa ya upasuaji inasainiwa. Mwambieni muuguzi amwombe mama aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Akishindwa kueleza, badilisheni mkalimani.

SheriaKwanza

Hofu ya taarifa ina msingi, sitaipuuza. Hofu ya grinkadi kukataliwa ni tofauti. Kanuni ya 2022 haihesabu Medicaid ya dharura kama mzigo kwa serikali, na hata ile kali ya 2019 iliiacha nje. Novemba 2025 serikali ilipendekeza kuifuta ya 2022, kwa hiyo mwenye ombi mezani amwone wakili wa uhamiaji, asiulize Facebook.

Mzalendo_Ohio

Basi nikiri nilipofika: kliniki kwa njia ya mtoto, sawa. Kipimo cha presha baada ya kuzaa, sawa, ni mwendelezo wa dharura ile ile. Mwaka mzima baada ya kuzaa, bado hapana, mpaka raia niliyemtaja apate kitu. Sasa Karani, aliyejifungua jana na hajaomba chochote anaanzia wapi?

KaraniWaBili

Aanzie kwa mshauri wa fedha wa hospitali kabla hajaruhusiwa. Ombi la Medicaid ya dharura halihitaji namba ya usalama wa jamii wala kuthibitisha hadhi. Asiyekuwa na namba aache wazi, asiazime ya mtu. Alete kitambulisho chochote, hata pasi ya nchi yake, uthibitisho wa anwani, na hati za mishahara. Kwenye hesabu ya kipato mjamzito huhesabiwa pamoja na mtoto wa tumboni, wa mapacha ni watatu. Makarani wengine husahau na kumkataa kwa kosa.

Daktari lazima athibitishe tarehe dharura ilipoanza na ilipoisha. Texas ni fomu H3038. Hapa ndipo faili nyingi huharibika: mama alikuja Jumatatu akatokwa damu, akaruhusiwa, akajifungua Alhamisi, daktari akaandika Alhamisi tu. Bili ya Jumatatu inabaki kwake. Malipo yanaweza kurudi nyuma miezi 3 kabla ya mwezi wa ombi. Kuanzia Januari 2027 itakuwa 2, na kwa watu wazima walioingizwa majimbo yalipoipanua Medicaid, 1.

Hospitali ikilipwa, bado zitakuja bahasha nyingine: daktari wa uzazi, wa ganzi, maabara, gari la wagonjwa. Kila mmoja anabili peke yake. Apige kila namba na kuwapa namba yake ya Medicaid. Akikataliwa kabisa, hospitali isiyo ya faida inatakiwa kupokea ombi la msaada wa malipo hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kuruhusiwa, na siku 120 za mwanzo hairuhusiwi kumchukulia hatua kali za kudai.

Mtoto ambaye mama yake amekubaliwa Medicaid, hata ya dharura, anapata Medicaid kamili mwaka mzima bila ombi jipya. Ila hospitali humsajili kwa jina la "Baby Girl" na jina moja la mama, na mama Mkongo ana matatu, yamepangwa tofauti kwenye pasi na kwenye ombi. Mifumo haikutani na bili ya mtoto inarudi. Kabla ya kutoka wodini, alinganishe herufi kwa herufi jina lake kwenye bangili ya mtoto na lile la kwenye ombi. Cheti cha kuzaliwa kikifika, alipeleke jina halisi la mtoto ofisi ya Medicaid wiki hiyo hiyo, kabla ya chanjo za miezi miwili.