MJADALA: Kikomo cha pesa za kampeni 2027 kitamkinga mnyonge au aliye kitini?

Mwanzisha mada, Kisauni

Wenzangu, nyumbani kwetu kuna leso ambayo hatukuinunua. Mamangu aliletewa 2022, wiki mbili kabla ya kura. Mahali pa jina la leso, pale ambapo kwa kawaida huwa na fumbo au kijembe, kumeandikwa jina la mgombea. Vijana waliozileta walikuja na daftari. Kila mama alitaja jina lake, nambari ya kitambulisho na kituo chake cha kupigia kura, ndipo akapewa leso na noti ya mia mbili imekunjwa ndani. Kisheria mamangu ana kesi sawa na mwenye daftari, maana Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji: faini hadi shilingi milioni 2, au kifungo hadi miaka 6, au vyote viwili. Mtaani kwetu sijaona aliyefungwa kwa leso.

Hapa Kenya sheria ya kudhibiti pesa za kampeni tunayo tangu 2013. Wabunge waliisukuma mbele hadi uchaguzi wa 2017 upite. Mwaka 2021 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatoa kanuni na vikomo, mgombea urais akiwekewa kama shilingi bilioni 4.4. Bunge likazitupa kanuni zile likisema hazikufuata utaratibu, na 2022 kila mtu akamwaga alichonacho. Sheria hiyo hiyo inataka vikomo vitangazwe angalau miezi 12 kabla ya kura. Kura ni Agosti 2027. Hesabu fanyeni wenyewe.

Utafiti wa WFD na NIMD, mashirika ya kukuza demokrasia, uliotoka 2021 ulikadiria kwamba mgombea ubunge wa 2017 alitumia wastani wa shilingi milioni 18.2, useneta milioni 35.5, na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, milioni 3.1. Mbunge leo hulipwa zaidi ya 700,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hiyo milioni 18 basi ni mshahara wa miaka miwili bila kula wala kulipa kodi. Aliyeikopa atairudisha kwa njia gani kama si kwa zabuni zetu?

Mimi nasema kikomo kiwekwe, na kianzie kwa MCA, huku kwenye wadi tunakojuana kwa majina. Leteni hoja.

Mtu wa Voi

Ndugu, leso nimeielewa, lakini dawa yako itamuua mgonjwa. Mbunge aliye kitini ana NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge. Basari ya mtoto wako hutolewa kwenye mkutano wake, na darasa jipya hupakwa rangi ya chama chake. Miaka mitano mfululizo anapiga kampeni kwa pesa ya umma, wala hakuna anayeiandika kama gharama ya kampeni. Anayehitaji kununua muda wa redio ni mpinzani asiyejulikana. Huyo ndiye utakayemfunga mikono kwa kikomo chako.

Mwanzisha mada

Kama kikomo kinawafaa walio kitini, mbona wao ndio waliozitupa kanuni?

Mtu wa Voi

Kwa sababu sheria ile haiishii kwenye kikomo. Inataka akaunti ya benki ya kampeni, na inataka wachangiaji watajwe. Kwa maoni yangu mwiba uko hapo, si kwenye bilioni 4.4. Kwa hiyo tuanze na hilo: pesa itajwe imetoka wapi, kisha tupigane kuhusu kiasi.

Boda wa Mtwapa

Wazee, mnaongea kama watu wenye mshahara. Nikiwekewa mafuta ya mia tatu nifuate msafara kutwa nzima, hiyo ni kazi nimefanya. Mheshimiwa akishaapishwa simu yake haishikiki, kwa hivyo changu nakichukua mapema. Nikiingia kwenye kile kisanduku cha kadibodi niko mimi na Mungu wangu. Nimeshakula kwa watatu nikampigia wa nne.

Mama wa Chama, Likoni

Mwanangu wa boda, hayo ni yako wewe kijana. Daftari lile linafanya kazi. Katika kikundi chetu tuko wanane, na watatu waliamini kabisa kwamba nambari ya kitambulisho ikishaandikwa, jamaa watajua kura imeenda wapi. Siku ya kura hawakutoka nyumbani: kumpigia hawakumtaka, na kumnyima waliogopa. Na hamjataja wale wanaokuja kununua kitambulisho chenyewe, usibaki na chochote cha kupigia kura? Mtu akilipwa asipige, hapo hata kampeni si kampeni tena.

Watu hulia kwamba vijana hawajitokezi kupiga kura. Nchi nzima tulitoka kama asilimia 86 mwaka 2013, ikawa 79 mwaka 2017, na 2022 ikashuka hadi 65. Mombasa yetu haikufika nusu. Tena kura ya gavana ilisogezwa hadi tarehe 29 Agosti kwa sababu karatasi zilichanganywa, na kuna waliosema sipangi foleni mara mbili kwa ajili ya watu hawa.

Mwanzisha mada

Mama, shikamoo. Hilo la watatu waliobaki nyumbani nitalala nalo. Nilikuwa nikiiona leso kama hongo tu, kumbe inatisha pia.

Bwana wa Voi, nakubali nusu: kutaja wachangiaji kwanza. Lakini naongeza la kwetu wananchi. Mgombea akilipiwa na watu watatu, atawapigia simu hao watatu. Akilipiwa na watu elfu mbili kwa shilingi hamsini, ni laki moja tu, ndiyo, lakini ni watu elfu mbili wenye haki ya kumuuliza. Najua mtanitupia ubunge wa Starehe, Nairobi, 2017: mwanaharakati Boniface Mwangi alichangisha kwa umma, akakataa kugawa pesa kwa wapiga kura, akashindwa. Sawa. Ila baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana wale wale tunaowaita wavivu walichanga mamilioni kwa simu kutibu majeruhi. Hamsini iko. Inatoka pale mtu anapoona imekwenda wapi.

Harambee nazo tumezisahau. Julai 2024 Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena, na Novemba mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha pesa alizotoa kwenye parokia moja ya Soweto, Kayole. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile niliwavulia kofia.

Wakala wa 2022, Changamwe

Nimesoma kimya, sasa naingia. Hamsini zenu ni nzuri, ila hamjui gharama inayoua mgombea mwaminifu. Si leso. Ni mawakala, wale wanaomlindia mgombea kura kituoni. 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229. Weka wakala mmoja kila kituo kwa shilingi elfu moja: milioni 46 na ushei kwa siku moja, kabla ya chai na nauli. Kwa MCA ni vituo vichache, lakini asiye na wakala hana mtu wake wa kutia sahihi Fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA kituoni, na usiku wa manane matokeo yanasomwa hakuna wa kusema ngoja kwanza. Mkiweka kikomo, mawakala wawekewe fungu lao kando, au tume iwalipe moja kwa moja.

Nasema hivyo nikiwa na uchungu. Niliahidiwa 1,500. Nilikaa kituoni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa usiku, tochi ya simu ikanifia. Asubuhi nikapewa mia tano na maneno matamu, nyingine ningetumiwa. Mgombea wangu alishinda. Mia moja kwa mia moja mimi ndiye mchangiaji wake mkubwa kituoni pale: elfu moja, na jina langu haliko kwenye orodha yoyote.

Boda wa Mtwapa

Ungeniuliza mimi. Ningekuambia uchukue mapema.