Feni ya ndani ya pikapu inakata na kurudi yenyewe, nianzie wapi?

Binti_Kitangari

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi umeme wa magari, hasa mlioko huku kwetu Kusini.

Nina pikapu ya Kijapani, dabo kebini ya dizeli ya mwaka 1999. Kazi yake ni kupandisha pembejeo kutoka Mtwara mjini kwenda Tandahimba na Newala, na msimu wa korosho inashusha magunia. Tangu mvua zianze, feni ya ndani, hii inayopuliza AC na hita, imekuwa na tabia ya kukata. Unaenda vizuri tu, mara upepo unapungua, mlio wa mota unashuka taratibu, kisha kimya. Gari likiruka shimo au tuta, feni inarudi kwa nguvu zake zote. Baada ya muda inakata tena. Na ikikata, imekata namba zote, kuanzia 1 hadi 4. Fyuzi nimeitoa nikaiangalia, ni nzima.

Joto ningelivumilia, nimezaliwa nalo. Kinachonitia hofu ni kioo. Mnapanda Newala na mvua, ndani mko watu wanne wenye nguo mbichi, vioo vyote vinajaa ukungu, na dereva anaendesha mkono mmoja, wa pili umeshika kitambaa. Ile barabara ina kona, na bodaboda nyingine hazina taa kabisa.

Fundi mmoja ameniambia ni rezista. Mwingine amesema mota nzima imekwisha, niagize Dar. Sitaki kununua vyote viwili kwa kubahatisha.

Dereva_Mingoyo

Pole dada. Unapaki wapi? Mimi gari langu linalala chini ya mwarobaini, na majani huwa yanaingia kwenye ile nafasi ya chini ya kioo cha mbele, yanashuka mpaka kwenye feni. Fungua boneti uangalie hapo kwanza, ni bure. Ila ya kwangu ilikuwa inapiga kelele ya kukwaruza kabla ya kugoma. Yako sijaona ukisema hivyo.

Binti_Kitangari

Asante kaka. Haikwaruzi. Majani yapo machache nimeyatoa, hakuna kilichobadilika.

FundiWaya_Mikindani

Dada, usinunue chochote bado. Maelezo yako ni mazuri na yenyewe yanatuondolea mambo mengi.

Rezista kazi yake ni kupunguza mwendo wa feni. Ikiungua, kwa kawaida unapoteza namba za chini na ile ya mwisho inabaki, maana namba ya mwisho haipiti kwenye rezista. Wewe unapoteza zote kwa pamoja, na shimo ndilo linalozirudisha. Kwa hiyo tafuta kitu kilicholegea au kilicholika kwenye njia ambayo namba zote zinaitumia: kaboni za mota (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka), plagi, rilei (swichi inayowashwa na umeme), au waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi).

Sasa kosa ninaloliona kila wiki gereji: gari linaletwa feni ikiwa imeshaamka, fundi anapima, kila kitu ni kizima, basi anabahatisha. Hitilafu ya kuja na kuondoka inapimwa wakati ipo. Feni ikikata, simama pembeni pasafi, usizime injini, usiguse swichi. Iache namba 4.

Mota iko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Usichomoe plagi yake. Hili nalisisitiza kwa sababu ukichomoa, unaweza kuuamsha muunganiko mbovu na ushahidi ukapotea. Isitoshe, waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha volti 12 kama hauna mzigo. Chomeka ncha ya mita ya umeme kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingilia. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Pima waya mmoja, kisha wa pili.

Waya wa chanya ukisoma sifuri, umeme haufiki: rudi kwenye rilei na pale fyuzi inapokaa. Chanya ikisoma 13 na kitu, na hasi ikasoma karibu na sifuri, basi njia ni nzima na mota ndiyo imegoma. Hapo ni kaboni. Zote mbili zikisoma 13 huku feni imelala, mota yako haina kosa. Umeme umeingia ndani yake, umepita, umekosa pa kutokea. Pikapu nyingi za zamani swichi inakata upande wa hasi, kwa hiyo utafuata waya huo kupitia swichi mpaka pale ethi inapofungwa kwenye bodi.

Ukimaliza kupima ndipo ugonge chini ya mota kwa mpini wa bisibisi, taratibu. Ikiamka kwa kugongwa yenyewe tu, kaboni zimeisha. Lakini kugonga kuwe mwisho, usiiamshe kabla ya kupata vipimo.

Kijana_wa_Masasi

Mambo yote ya nini hayo? Vuta waya kutoka betri mpaka kwenye mota, weka swichi ya taa ya nyumbani, umemaliza. Ya kwangu inafanya kazi hivyo.

FundiWaya_Mikindani

Mdogo wangu, naomba hili asilifuate mtu. Feni kwenye namba ya juu inaweza kuvuta zaidi ya ampea 10. Waya unaotoka betri bila fyuzi, ukisuguana na bodi, hauna kitu cha kuukata. Unakuwa mwekundu mpaka plastiki inawaka. Na huyu dada anasema anapandisha pembejeo. Kwa wakulima wa korosho pembejeo ni pamoja na salfa, na vumbi la salfa linashika moto. Tafadhali sana.

Na dada, kama ni salfa kweli, nakuomba uniambie. Hiyo inabadilisha mahali pa kuangalia kwanza.

Binti_Kitangari

Ni salfa, fundi. Kuanzia Juni mpaka Agosti karibu kila safari, wakulima wanapulizia dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho. Mifuko mingine inapasuka, na ikinyesha au ikiwa ya mtu mwenye haraka inawekwa ndani ya kebini, miguuni kwa abiria.

FundiWaya_Mikindani

Basi anza miguuni kwa abiria. Salfa inakula shaba, inaifanya nyeusi, na unyevu wa mvua unaharakisha. Toa ile plastiki ya pembeni, chini ya dashibodi karibu na mlango, utaona nyaya za ethi zimefungwa kwa boliti moja.

Binti_Kitangari

Fundi, nimerudi. Imekata leo karibu na Nanguruwe, dereva akasimama, nikapima mwenyewe kwa mita ya kuazima. Chanya 13.7. Hasi 13.6. Feni imelala kabisa.

Nikafungua plastiki ya pembeni. Boliti ina vumbi la njano limegandamana kwenye nyuzi zake, na kile kichwa cha waya chenye tundu ni cheusi tii. Nilipokishika kwa vidole na kukizungusha kidogo, feni ikaamka. Nikakiachia, ikakata. Nimesimama pale barabarani nikafurahi kama mtoto.

Sasa nikwangue tu na kukaza, au nibadilishe?

FundiWaya_Mikindani

Hongera, umepima vizuri kuliko wengi wanaolipwa. Badilisha. Weusi huwa unapanda ndani ya ganda la waya, kwa hiyo kata mpaka uione shaba inang'aa. Kama ni sentimita kumi zikate zote, unga kipande kipya cha milimita 4 za mraba. Kichwa kipya kibanwe kwa koleo lake kisha kitiwe risasi ya kulehemu. Chuma cha bodi kisugue kwa msasa mpaka kiwe cheupe, funga, kaza, halafu paka grisi juu ya boliti, baada ya kukaza. Toa betri kabla ya yote hayo.

Kisha washa namba 4 upime tena waya wa hasi pale kwenye boliti na bodi. Isizidi volti 0.2. Ukipata chini ya hapo lakini hasi pale kwenye mota bado inasoma volti moja au zaidi, fungua plagi ya swichi, nayo itakuwa imeonja salfa.

Na mifuko ikae nyuma, chini ya turubai.