Tupeane uzoefu: vilengeo vinavyong'aa gizani kwenye bastola ya kubeba, vinafaa au ni gharama tu?

Mleta mada, Kibirizi

Wakuu, salaam. Ninaomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalonisumbua tangu nilipopata leseni ya bastola. Ninanunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, na kama mjuavyo, biashara hii hufuata mwezi: siku za mbalamwezi mitumbwi hulala kwa sababu taa za wavuvi hazivuti dagaa, na fedha nyingi hupita mikononi katika zile siku za giza. Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwishatoka nyumbani, fedha taslimu mfukoni na bastola kiunoni chini ya shati.

Vilengeo vyake, au saiti kama wengi tunavyosema, ni vyeusi vyenye nukta tatu nyeupe, mbili nyuma na moja mbele. Juzi alfajiri niliitoa risasi zote, nikaziacha chumbani, nikasimama uani na kuielekeza ukutani. Ukuta niliuona, hata kamba ya kuanikia nguo niliiona, lakini nukta zote tatu zilikuwa zimemezwa. Rafiki yangu ananishauri niweke vilengeo vya tritiamu vinavyong'aa vyenyewe usiku kucha, ila bei yake si ya mchezo. Waliokwisha kuvitumia watueleze walivyoviona, na walionunua wakajuta waseme pia. Suala la kama raia abebe silaha au asibebe tuliache, maana halina mwisho.

Mstaafu wa Mwanga

Kijana wangu, nilifundisha shabaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jaribio lako la uani ni la maana kuliko matangazo yote ya wauzaji. Umeuona ukuta, hukuviona vilengeo. Hapo ndipo tritiamu inapofaa, na ni hapo tu: mwanga unatosha kumtambua mtu aliye mbele yako, lakini hautoshi kukuonyesha chuma cheusi kilicho mkononi mwako. Mimi huiita saa ya kijivu.

Sisi wa Kigoma tunaijua saa hiyo vizuri. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam ilhali tuko magharibi ya mbali, kwa hiyo Dar ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua kwa kawaida limekwishachomoza, na huku kwetu ndiyo kwanza kunapambazuka. Watu wako barabarani, watoto wanakwenda shule, na bado ni kijivu. Lakini saa kumi na moja unayotoka wewe si kijivu, ni giza lenyewe, na giza lenyewe ni somo jingine.

Tritiamu ni aina ya haidrojeni yenye mionzi hafifu. Hutiwa katika kijineli cha kioo, kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kuta zake kwa ndani zimepakwa unga unaong'aa unapopigwa na mionzi hiyo. Haihitaji betri wala kuanikwa juani, na mionzi yake haiwezi kupenya ngozi. Ila inakufa polepole: kila baada ya miaka 12 na ushei nguvu yake hubaki nusu. Rangi ya kijani ndiyo huonekana vizuri zaidi, kwa kuwa jicho lililozoea giza hulihisi eneo hilo la rangi kuliko nyekundu.

Tahadhari moja kutoka kwa wanafunzi wangu. Nukta tatu zikiwa za rangi moja na mng'ao mmoja, mtu mwenye haraka huweza kuidhani nukta ya nyuma kuwa ndiyo ya mbele. Anazipanga tatu kwa mstari ulionyooka kabisa, na ile ya mbele iko pembeni badala ya kuwa katikati. Kwake kila kitu kimekaa sawa, na risasi inakwenda kando. Mimi ningechagua ya mbele yenye kung'aa sana, na za nyuma ziwe hafifu au nyeusi kabisa.

Msomaji wa Uvinza

Mimi nilikwepa gharama nikanunua rangi inayofyonza mwanga na kung'aa gizani. Nilipoimulika kwa tochi ilinipendeza mno, hata nikawaita watu nyumbani waje kuitazama. Kasoro yake niliigundua baadaye: bastola hushinda katika mkoba wake chini ya shati, haipati mwanga wowote, na baada ya saa chache huko ndani rangi inakuwa haina tofauti na chaki. Kwa silaha ya kubeba haifai, labda kwa swichi ya taa chumbani.

Mama wa Kasulu

Shikamoo mzee wa Mwanga. Nina duka la jumla na ninafunga magharibi. Macho yangu ni ya miaka 50 na kitu. Ya mbali ninaona, ya karibu mpaka miwani. Vilengeo vya tritiamu nimekaa navyo miaka mitatu, na ninakiri kwamba jioni vinanisaidia, kwa sababu hata ukungu wa macho yangu haunizuii kuona doa la kijani liko wapi. Lakini zile za nyuma zilikuwa zikitapakaa na kuungana na ya mbele, nikawa ninaona kitu kama utando. Nilizipaka za nyuma wino mweusi, utulivu ukarudi.

Kabla ya hapo niliwahi kutumia njia ya kimaskini ambayo sitaidharau hata leo. Nilikichukua kilengeo cha mbele, nikakifuta mafuta kwa spiriti, nikapaka rangi ya kucha nyeupe, ikakauka, kisha nikapaka ya chungwa juu yake. Gizani hakuna kitu, lakini mchana na mapema jioni ilikuwa ikirukia machoni. Kaka wa Kibirizi, anza na hiyo wakati unakusanya fedha. Chupa moja itakutosha mpaka uchoke, na mkeo akikuuliza rangi yake imekwenda wapi, hilo utajitetea mwenyewe.

Mfanyabiashara wa Ujiji

Ndugu zangu, mimi ninavyo tangu mwaka 2016 na sivitoi. Hata hivyo nitasimulia kisa ambacho sijawahi kukisema mahali popote.

Ninauza mawese, na stoo yangu imeungana na nyumba. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, nikasikia madumu yakigongana stoo. Niliinuka na bastola, nikasimama kwenye pembe ya ukuta, nikaiinua. Nukta tatu za kijani zilijipanga kama zilivyo kwenye picha za katalogi. Nyuma ya nukta hizo palikuwa na kivuli cha mtu aliyeinama. Vilengeo vilikuwa vimemaliza kazi yake yote. Uso ndio uliokosekana. Niliita, "Nani wewe?" Kimya. Niliita tena kwa sauti ya juu, kimya, huku yule mtu akiendelea kuvuta dumu bila wasiwasi. Kisha akageuka, simu yake ikamulika kidevu, nikamtambua mpwa wangu. Alikuwa akisikiliza muziki kwa visikizi masikioni. Mke wangu alikuwa amempa ufunguo tangu jioni ili awahi gari la alfajiri, na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatuo. Nilirudi chumbani bila kusema neno, na nilikaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Mpaka leo kijana hajui. Kila Ijumaa anakula kwangu, ananitania kwamba ninazeeka, nami ninacheka.

Asubuhi ile ile nilinunua tochi. Na ukiwa na tochi utagundua jambo ambalo wauzaji wa vilengeo hawalisemi: mwanga mkali ukishapiga ukuta wa mbele, vilengeo vyeusi vya kawaida hujichora vyenyewe kama kivuli, na zile nukta za kijani wala huzioni tena.

Mstaafu wa Mwanga

Pole sana, ndugu wa Ujiji. Umesema nilichotaka kumalizia nacho. Niongeze tu kwamba tochi hiyo iwe ya mkononi kwanza, hata kama baadaye utafunga nyingine kwenye silaha. Mwenye tochi iliyofungwa kwenye bastola peke yake hulazimika kumwelekezea mtutu kila anachotaka kukitazama, awe mwizi au mpwa.

Mkazi wa Kigoma mjini

Langu ni fupi. Nilimilikishwa kwa taratibu zote bastola iliyokuwa ya mtu mwingine, ikiwa na vilengeo vya tritiamu, na mwuzaji alivisifu mno. Usiku nilipozima taa niliona moja tu, tena kwa kukodoa. Nilipotazama ubavuni kwa kioo cha kukuzia nikakuta mwaka umechongwa kwa tarakimu ndogo: 2001. Hesabu ya mzee hapo juu inajieleza. Anayenunua atazame mwaka kwanza, tena avitazame gizani baada ya macho kuzoea walau nusu saa, si dukani mchana kwa kuviziba kwa mkono.

Mchangiaji wa Buhigwe

Wakuu, msiagize kwa mtu anayesafiri avitie kwenye begi. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania yenye makao yake Arusha. Ulizeni polisi na Tume kabla ya kulipa, kisha kazi ya kubadilisha afanye fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Baada ya hapo nendeni uwanja wa shabaha, kwa sababu kilengeo kipya cha mbele kikiwa kirefu kuliko cha zamani, risasi zitapiga chini ya pale ulipolenga.

Mleta mada, Kibirizi

Nimesoma yote, na kisa cha ndugu wa Ujiji nimekisoma mara mbili. Jana alfajiri nilirudia jaribio langu la uani, silaha ikiwa tupu, tochi mkono wa kushoto. Saa kumi na moja nilipowasha, vilengeo vyangu vya kawaida nilivisoma bila taabu. Nilingoja hadi kulipopambazuka, nikazima, nikakuta kweli kuna kama nusu saa ambayo ningeona mtu na nisione nukta. Saa hiyo mimi huwa nimekwishafika mwaloni, katikati ya watu mia na mizani zao, mahali ambapo sitarajii kuigusa bastola.

Kwa hiyo fedha ya tritiamu nimeirudisha kwenye mtaji. Mama wa Kasulu, ile rangi ya chungwa nimeipata sokoni. Ya nyeupe nimeiazima nyumbani bila kuuliza.