DeepSORT au ByteTrack kwa kuhesabu mbuzi getini?

Koda_Mfugaji: Wakuu, nina kazi ya kuhesabu mbuzi wanaoingia mnadani. YOLO, modeli ya kutambua vitu kwenye picha, inawaona vizuri, ila mmoja akipita nyuma ya mwenzie anatokea na namba mpya, hesabu inapanda. Nichukue ipi kati ya DeepSORT na ByteTrack, hizi mbinu za kumfuatilia kila mmoja kwenye video kwa namba yake? Keshokutwa namwonesha mwenye kazi.

FundiMacho: Mbona hujasema kitu mkuu? Kamera iko wapi? Fremu ngapi kwa sekunde? Unaendeshea mashine gani?

Koda_Mfugaji: Ubavuni mwa geti, usawa wa kifua. Fremu 10. Laptop ya kawaida, haina GPU (kadi ya michoro).

DadaPikseli: Basi DeepSORT sahau. Inakata picha ya kila mbuzi na kuipitisha kwenye modeli nyingine ya mwonekano, tena ile inayokuja nayo ilifunzwa kwa watu! ByteTrack haiangalii mwonekano. Mbuzi aliyezibwa nusu YOLO humpa alama ndogo ya uhakika, wengine wanamtupa. ByteTrack inamrudia raundi ya pili.

MzeeKalman: Akizibwa mwili mzima hakuna alama kubwa wala ndogo. Hapo filta ya Kalman, ile inayobashiri mbuzi atakuwa wapi fremu ijayo, inabahatisha tu, ikidhani anakwenda mwendo uleule. Mbuzi akisimama kula ganda la ndizi, ubashiri umeshafika mnadani bila yeye. Jaribu OC-SORT, mbinu nyingine ya kufuatilia, inayosahihisha ubashiri huo aliyezibwa akionekana tena.

Kibao77: Mimi yalinikuta shuleni, kuhesabu wanafunzi mlangoni. Nikaweka DeepSORT kwa mbwembwe. Sare! Wote shati jeupe, wote vipara. Wakikingana wanabadilishana namba, wengine wanapewa mpya. Nikaongeza muda wa kumsubiri aliyepotea, kutoka fremu 30 hadi 150. Balaa: anayeingia anarithi namba ya aliyetoka. Asubuhi hesabu imezidi, jioni imepungua. Mkuu wa shule akaniuliza kama nahesabu na mizimu. Malipo ya pili sikuyaona.

DadaPikseli: Pole kaka. Ila kubadilishana namba hakuharibu jumla, namba mpya ndiyo inaharibu. Koda, unahesabu nini hasa?

Koda_Mfugaji: Namba zote zilizowahi kutokea.

DadaPikseli: Lo! Chora mstari getini, hesabu wanaouvuka tu.

FundiMacho: Na kamera ipandishe juu ya geti, iangalie chini. Mgongo hauzibi mgongo.

MzeeKalman: Mbuzi wakipandiana je? OC-SORT.

Koda_Mfugaji: Geti halina paa, nguzo nitaitoa wapi kabla ya keshokutwa?

Kibao77: Mkuu, beberu hapo mnadani anakwenda bei gani siku hizi?