Natoka bodi ya kasia ya kujazwa upepo ya futi 10 na nusu, nataka yenye spidi kwa maji tulivu. Ninunue upana gani?

Kasia_Ruiru

Wadau hamjambo. Nimepiga kasia nikisimama kwa bodi (SUP) kama mwaka na nusu hivi, bodi yangu ni ile ya kupuliza upepo, futi 10 na nusu kwa upana wa inchi 32, nilinunua kwa mtu alikuwa anahama Nairobi. Mazoezi nafanyia kwa bwawa la shamba moja la kahawa huku Ruiru, mwenye shamba ametukubalia Jumamosi asubuhi na maji hapo yanalala kabisa, halafu nikishuka Pwani naingia creek ya Kilifi. Sasa tuko watatu tumekubaliana Disemba tushindane kilomita 8 pale creek na mimi sitaki kuenda kuwasindikiza wenzangu.

Shida ni bodi. Nikijikaza inafika mahali inakataa, yaani natia nguvu zaidi na spidi haipandi, pua inainuka, nyuma maji yanachemka tu kelele nyingi na siendi popote. Kilomita 5 huwa namaliza kwa dakika 52, na nimekwama hapo miezi minne sasa. Niko kilo 84, urefu mita 1.78.

Nimepata tatu. Moja ni ngumu ya kaboni, futi 12 na nusu kwa inchi 26, imetumika, iko Mombasa. Ya pili kaboni futi 14 kwa inchi 24, pia imetumika, iko Kilifi. Ya tatu ni ya upepo mpya, futi 14 kwa inchi 25, na hii moyo unaivutia juu naishi ghorofa ya tatu Kasarani na gari ni Probox. Nishaurini kabla sijatuma pesa.

Nahodha_wa_Kreki

Ndugu yangu, hilo la pua kuinuka na nyuma kuchemka si udhaifu wako wala si mazoezi kidogo. Kila chombo kinachosukuma maji kinatengeneza wimbi lake, moja linaanza omo, yaani mbele, na jingine tezi, yaani nyuma, na kadiri unavyoongeza mwendo yale mawimbi yanarefuka mpaka urefu wa wimbi unalingana na urefu wa chombo. Hapo unakuwa unapanda mlima ambao unauchonga mwenyewe. Chukua urefu wa bodi unaogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.48, utapata kilomita kwa saa ambazo hapo mlima unakuwa mkali. Futi 10 na nusu inatoa kama 8, futi 12 na nusu kama 8.8, futi 14 kama 9.3. Na hiyo yako pua imekunjwa juu, basi urefu unaogusa maji ni mdogo zaidi, ndio maana inakukataa mapema.

Si ukuta lakini. Chombo chembamba chepesi kinaweza kuupita, ila nguvu inayotakiwa inaongezeka haraka mno, na inaanza kukutafuna hata kabla hujafika hapo. Wale wa juu kabisa duniani wanashikilia zaidi ya kilomita 9 kwa saa kwenye maji tulivu na wako kwenye bodi za futi 14. Kwa hiyo urefu kwanza. Ile ya 12 na nusu iache, utaichoka kabla ya mwaka.

Upana ndio penye maneno. Tazama mtumbwi wa mvuvi hapa kwetu, mrefu na mwembamba, unakata maji vizuri sana, lakini ngalawa ikaongezewa mirengu, yale magogo ya pembeni, pande zote mbili ili isipinduke tanga likijaa upepo. Wewe kwenye bodi huna mirengu. Mirengu ni miguu yako, na miguu ikichoka kilomita ya nne hakuna kaboni itakayokusaidia.

DadaWaBwawa

Naunga mkono Nahodha. Mimi niko kilo 61 na nilifanya hilo kosa, nilinunua ya futi 14 kwa inchi 22 juu ya vidio za mabingwa. Siku ya kwanza nilisimama dakika ishirini, nyayo zikafa ganzi kabisa, vidole vya miguu vilikuwa vinashika sitaha kama vya ndege kwa tawi, na nikitaka kubadilisha upande wa kasia lazima nipunguze spidi kwanza ndio nisianguke. Hapo ndipo nilielewa kitu. Kila mara unaposita kidogo, kila mara unapopiga kasia nusu nusu ndio usiyumbe, ile inchi moja uliyopunguza imekula hasara. Nilibadilishana na mtu nikapata ya inchi 24 na kilomita 5 zangu zikashuka kwa dakika mbili na nusu wiki hiyo hiyo, na hakuna kingine nilichobadilisha.

Kwa kilo 84 ukitoka inchi 32 mimi ningekwambia 26, sana sana 25 kama sitaha imechimbwa. Ile ya kuchimbwa unasimama chini karibu na maji, kitovu cha uzito wako kinashuka, kwa hiyo inchi 24 iliyochimbwa inatulia kama inchi moja zaidi ya ile bapa. Uliza muuzaji ni gani.

Halafu naomba usinikasirikie lakini unatumia kasia gani? Kama ni ile ya alumini ya kurefusha iliyokuja na bodi, hiyo inakaribia kilo nzima. Ya kaboni ni kama nusu ya hapo. Kwa saa moja ukipiga mara 45 kwa dakika ni mara 2,700, kila mara unainua nusu kilo ya bure, jumla unakuwa umeinua zaidi ya tani moja ya hewa. Nunua kasia kwanza, hata kabla ya bodi. Na bamba lake lisiwe pana sana, watu wanadhani pana ndio spidi, kumbe linaua mabega na unapiga polepole.

Moto_Kwa_Maji

Hapa nitatofautiana na nyinyi wote. Mtu akinunua 26 leo, miezi sita atakuwa ameizoea na anatafuta pesa tena ya 23, na soko letu si Ulaya, hapa bodi ya resi ikitokea ya kuuzwa unaweza kungoja mwaka mzima ndio uone ingine. Kuagiza nje mzigo wa mita 4.27 unajua venye usafiri unakula, halafu ushuru, halafu VAT asilimia 16 juu yake. Ile ya 24 iko Kilifi, iko Kenya, imeshalipiwa yote. Chukua. Utaanguka mwezi mmoja, utanyamaza, mwili utajifunza. Mimi nilianza hivyo na kilo 79 na sijajuta hata siku moja.

DadaWaBwawa

@Moto_Kwa_Maji hoja ya soko nakubali, hiyo ni kweli kabisa. Lakini wewe uko Watamu unaingia majini kila siku. Yeye ana Jumamosi moja kwa wiki. Mwezi wako mmoja kwake ni miezi saba na Disemba haimngojei.

FundiFaiba

Mimi natengeneza bodi na mitumbwi ya faiba Industrial Area, nimeona nyingi za watu wakizileta zikiwa zimeharibika, acha niseme yale ambayo muuzaji hatakwambia.

Ya upepo. Nzuri kwa ghorofa, inaingia kwa begi, sikatai. Lakini ya futi 14 ni ndefu sana kusimama kwa upepo peke yake, ukikanyaga katikati inapinda kama kitanda cha kamba na kila unapovuta kasia sehemu ya nguvu inaenda kwa kupinda badala ya kwenda mbele. Ukinunua hiyo lazima ujaze mpaka kiwango cha juu cha mtengenezaji, nyingi za resi ni psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 18 hadi 20, na kwa pampu ya mkono watu wengi wanachoka kwa 12 wanasema imetosha. Haijatosha. Ukienda kushindana na mtu mwenye kaboni kwa maji tulivu, nguvu zenu zikilingana, atakuacha.

Ya kaboni iliyotumika, usitume pesa kabla hujaishika. Bonyeza kwa kidole gumba pale watu wanasimama, ikibonyea ndani pameharibika. Chukua sarafu ya shilingi 20 ugonge polepole kutoka pua hadi nyuma ukisikiliza, sauti inatakiwa ilie ko ko ko mwili mzima, mahali ikigeuka pu pu jua ngozi imeachana na povu la ndani. Halafu ipime kwa mizani. Kama ilitoka kiwandani kilo 12 na sai ni 14, hizo mbili ni maji.

Na hii wengi wa Nairobi hawaijui. Bodi ngumu ina skurubu ndogo ya kupumua. Hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ya huku ina mgandamizo mdogo kuliko wa Kilifi kwa kama moja ya tano. Ukifunga skurubu Kilifi halafu upandishe bodi mpaka Nairobi juani kwa keria, hewa ya ndani inasukuma nje na ngozi inabanduka. Niliwahi kuletewa moja ilikuwa imevimba sitaha kama chapati, mwenyewe alikuwa ameitumia wiki tatu tu. Kwa hiyo fungua skurubu kabla ya safari, ifunge kabla ya kuingia majini, usisahau hata moja kati ya hizo mbili. Ya upepo pia ni hivyo hivyo, ukiijaza psi 15 Kilifi uipandishe ikiwa imejaa, hapa itasoma karibu 18, na jua bado hujalihesabu.

Kasia_Ruiru

Asanteni sana aisee, sikutarajia majibu ya hivi. Kasia ni hiyo hiyo ya alumini, dada umenipata. Nimeuliza, ya 24 sitaha yake imechimbwa. Swali langu sai ni mahali pa kuweka, ngazi zetu zina kona kali. Na je nikifanyia mazoezi Naivasha, ndio nipate umbali mrefu? Bwawa letu ni mita 400 tu kisha unageuka.

FundiFaiba

Ngazi usikisie. Chukua bomba la plastiki la maji, likate mita 4.27, panda nalo mpaka mlangoni kwako. Likikwama kona ya kwanza umepata jibu na hujapoteza pesa. Ukipata rafiki mwenye ploti ya chini au huyo mwenye shamba akukubalie kuacha kwa stoo, bora zaidi. Na Probox yenyewe ni mita 4.2 hivi, bodi itapita gari kidogo, funga mikanda miwili ya keria, pua uifunge kwa kamba mbele, na kitambaa chekundu nyuma.

Nahodha_wa_Kreki

Naivasha mimi nakuomba usiende peke yako, na usiende alfajiri. Viboko wanakula nchi kavu usiku na wanarudi majini asubuhi, hapo hapo kando ambapo wewe unataka kuingilia. Nenda na wenye boti wa pale wanaojua wako wapi siku hiyo. Magugu maji nayo yanashika pezi la chini ya bodi, ukienda tafuta pezi lililolala nyuma ili majani yateleze.

Bwawa la mita 400 usilidharau, kila kona ni zoezi. Rudi nyuma hatua mbili, mguu mmoja karibu na tezi, omo inanyanyuka, unaizungusha bodi mahali pamoja. Kwa bodi ya futi 14 usipojua hilo utazunguka kama meli.

Kuhusu creek Disemba, tazama maji kabla ya kupanga saa. Wakati wa bamvua (maji makubwa) yanapotoka, mkondo wa katikati ni mkali, atakayejua kukaa kando atawashinda wenye bodi nzuri. Lakini usikaribie mno hadi kina kifupi, maji machache chini ya bodi yanaivuta, utahisi kama umefungwa kamba. Anzeni asubuhi mapema kabla upepo wa kaskazi haujaamka, ule wa ubavu ndio unaowaangusha wenye bodi nyembamba. Na kamba ya mguu na jaketi, hata kwa bwawa.

Kasia_Ruiru

Wadau narudi na ripoti. Nilishuka Kilifi wikendi iliyopita na basi ya usiku. Muuzaji alikubali niijaribu saa nzima na jirani yake akaniazima ya futi 14 kwa inchi 26, kwa hiyo nilizipima zote mbili asubuhi moja, maji yakiwa yamejaa, kilomita mbili mbili, na kasia ya kaboni ya kuazima.

Ya 24: dakika 17 na sekunde 40, nilianguka mara tatu, na mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi peke yake kwa sababu kushoto sikuthubutu kuegemea. Ya 26: dakika 16 na sekunde 25, sikuanguka, na mita mia tatu za mwisho bado nilikuwa naongeza. Ile pua haikuinuka hata kidogo, maji yalikuwa yanapita chini kimya, nikawa nasikia tu matone ya kasia.

Sarafu niligonga pia, ile ya 24 inalia ko mpaka karibu na pezi kisha pu, kiganja kimoja hivi. Muuzaji mwenyewe alishangaa.

Jirani ana nia ya kuuza ya 26 mwezi wa nane akirudi kwao. Nimemwachia nusu ya pesa na tumeandikiana mbele ya mashahidi. Bomba nimepandisha jana, limekwama ghorofa ya pili. Mwenye shamba amesema stoo ya kahawa iko wazi.

Moto_Kwa_Maji

Sekunde 75 kwa kilomita mbili ni nyingi, sina la kubisha. Hiyo ya 24 nipe namba ya muuzaji, kiganja kimoja cha pu FundiFaiba si atakitengeneza?

FundiFaiba

Kama ni kiganja kimoja na haina maji ndani, ndio. Ilete ikiwa kavu na skurubu wazi.